Pumzi ya Mtu wa Nne

Sanduku la selo ndilo lililowapa umaarufu kabla hata watu hawajasikia muziki wenyewe. Lilikuwa jeusi, refu, pana kiunoni, na popote lilipopita kati ya Kasulu na Kibondo wanaume walivua kofia. Wanawake waliokuwa wakipepeta maharage uani walisimama kwanza mpaka lipite. Rosa Ntirampeba alishachoka kueleza. Akiwa amekaa nyuma ya guta, mkono mmoja juu ya sanduku lisidondoke kwenye mashimo, alikuwa akiwaambia watu kwamba si msiba jamani, ni ala ya muziki, nao wakimjibu poleni sana, kwa sababu aliyefiwa mwache aongee chochote.

Huyo Rosa ni mtu wa Makere, muuza maharage, umri umeshapita arobaini ila hapendi kuulizwa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa huku, na shuleni akaitwa mkimbizi tangu darasa la kwanza mpaka alipoacha kuhesabu. Uraia wao ulipotoka, baba yake alichinja mbuzi akawaalika majirani wote, hadi wale waliokuwa wakiwaita hivyo. Walikuja, wakala, wakasifu mchuzi. Selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, aliachiwa na sista mmoja mzee wa misheni, aliyemfundisha tangu akiwa binti mpaka vidole vyake vikaota sugu. Sista alipokaribia kufa aliacha neno mbele ya watu kwamba chombo abaki nacho anayekipiga. Tangu hapo kilikaa chumbani kwa Rosa, kando ya magunia, na panya wa Makere walikiheshimu.

Wenzake walikuwa wawili. Adolphe Wilondja, mtu wa Fizi, mwalimu wa kwaya kambini Nyarugusu, alipiga fidla. Alikuwa mwembamba, mtanashati, shati lake halikunjiki hata akilala nalo. Apoline, naye Mkongo wa kambini, alipiga viola, ambayo ukiitazama ni fidla iliyoshiba. Apoline alimwita Rosa "yaya", kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, na haikuwa heshima ya mdomoni tu. Rosa ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wake. Mtoto huyo alipolazwa hospitali ya Kasulu, Apoline alikuwa akirudi kulala Makere hata Rosa asipokuwepo, ndipo Rosa akamchongeshea ufunguo wake mwenyewe wa nyumba.

Kikundi chao kiliitwa Nyuzi Kumi na Mbili, kwa kuwa kila chombo kina nyuzi nne. Mkimbizi hatoki kambini kwa kujisikia tu. Rosa ndiye aliyemfuata mwenyekiti wa kijiji, akakaa kwenye benchi lake mpaka akaletewa chai, akapata dhamana. Rosa ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa wa kambi akasema hawa wawili wakitoka watafikia kwangu, na wasiporudi mnikamate mimi. Watu wa Makere walimcheka. Walisema huyu mama ana akili za kuku, anawadhamini watu wa fidla. Yeye alijibu kwamba hata kuku ana watoto wengi kuliko wao.

Ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba kwa wenzake wale wawili hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni wa wapi. Wakishakaa, Adolphe huvuta pumzi puani, wanaanza. Basi. Muziki wa namna hiyo hauna mtu wa kusimama mbele na kijiti. Mmoja anavuta pumzi na wengine wanaingia juu ya pumzi yake, na Rosa aliijua pumzi ya Adolphe kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Safari hii walikuwa wakijiandaa kwa jambo kubwa. Kulikuwa na tamasha Dar es Salaam, na wenye tamasha walikuwa wameita kikundi. Adolphe ndiye aliyepigiwa simu, maana Kifaransa chake na Kiingereza chake vilikuwa vinaelewana. Wakakubaliana wazungushe kwanza utunzi wao nyumbani, Kasulu, Rungwe Mpya, Murungu, wamalizie Kibondo, ambako dada mmoja wa tamasha angekuja na gari lake kuwasikiliza. Rosa hajawahi kufika Dar. Alishona gauni la kitenge cha kijani, akalijaribu mbele ya jirani yake Nasma, yule wa vitumbua. Nasma akamzungusha kama kuku wa mnada, akasema Dar watakoma.

Siku hiyohiyo ya gauni, Nasma alisema neno ambalo Rosa hakulishika. Alisema siku hizi Jumatano ananogewa na kitumbua chake mwenyewe, maana mkipiga kule ndani hata mafuta yanachemka kwa adabu. Rosa akacheka. Jumatano ni siku yake ya kushusha maharage soko la Kasulu, anatoka alfajiri anarudi jua limezama. Akasema moyoni Nasma naye kwa kuchanganya siku, siku moja atafunga Ramadhani mwezi wa Shabani.

Kasulu walijaza ukumbi wa parokia mpaka watu wakakaa madirishani. Kina mama walipiga vigelegele katikati ya sehemu ya pili, mahali ambapo Wazungu, kwa maelezo ya Adolphe, hukaa kimya kama wako mtihanini. Rungwe Mpya ndiko walikochekwa. Walipiga utunzi mzima, wa polepole na wa haraka, jasho likawatiririka, wakasimama, wakainama. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono kwa adabu akauliza, vyombo vimeshajaribiwa vya kutosha, sasa waimbaji wanakuja saa ngapi? Apoline alicheka mpaka akamshikilia Rosa bega. Walicheka njiani, wakacheka wakila ugali, na Rosa akaenda kulala mbavu zinauma, akimshukuru Mungu kwa watu aliompa.

Murungu ndipo palipotokea.

Katika ule utunzi, sehemu ya tatu, ya polepole, kuna mahali selo inapanda peke yake. Inatoka chini kabisa, kule kwenye sauti ya ng'ombe, inapanda hatua kwa hatua, halafu inaruka mara moja hadi juu. Fidla na viola zinakuwa zimeshikilia sauti moja ndefu, na selo ikitua kule juu, nazo zinageuka palepale, zote tatu zinakutana. Ni padogo sana. Ukipiga chafya pamekupita. Lakini Rosa alipapenda kuliko pengine pote. Alikuwa na mkono mkubwa, mkono wa jembe, hakuhitaji kujiandaa. Alikuwa akiruka tu, na kila mara aliwakuta wenzake wameshafungua mlango.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa, mvua imeanza kugonga bati polepole. Rosa akapanda. Akaruka. Akafika juu, akakuta hakuna mtu.

Walikuja baadaye kidogo, wote wawili pamoja. Kabla hawajaja aliwasikia wakivuta pumzi, fupi, kwa mdomo.

Alimaliza kupiga kwa sababu mikono inajua kazi yake. Watu walipiga makofi, mvua nayo ikapiga. Adolphe alipokuwa akilegeza upinde wake, Rosa akamuuliza kwa upole pale kwenye sehemu ya tatu kulikuwa na nini. Adolphe akasema ni uchovu tu, maman, barabara ya leo imenitikisa. Apoline alikuwa akifuta viola yake mahali palipokwisha kuwa safi.

Uchovu. Rosa alilichukua neno hilo akalala nalo, likamkataa. Kosa la mtu mmoja ni kosa. Watu wawili wakikosea mahali pamoja, kwa kipimo kimoja, bila kutazamana, hayo si makosa tena, ni mapatano. Wale wawili walikuwa wamezoea kumsubiri mtu pale. Mtu ambaye mkono wake haufiki, anayehitaji kupumua kwanza ndipo aruke.

Na Rosa alimjua. Alimjua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupumua pale.

Arielle alikuwa binti wa kambini, mwepesi wa kushika, mwenye vidole vifupi kama vya mtoto wa chekechea ingawa ameshafika umri wa kuolewa. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akija Makere, na Rosa akimfundisha bila kumdai kitu, kama sista alivyofanya kwake. Pale pa kuruka palimtesa. Alikuwa akilia machozi. Ndipo Rosa akamwambia, mwanangu, usigombane na mkono uliopewa. Vuta pumzi kwanza, halafu ruka. Wenzako wakikupenda watakusubiri.

Kweli wamemsubiri.

Asubuhi alimpigia Nasma. Alianza mbali, akauliza habari za mvua na bei ya mchele, mpaka Nasma akamwambia sema unachotaka, nina mafuta jikoni. Rosa akauliza zile Jumatano alizosema, alisikia nini hasa. Nasma akashangaa. Si alikuwa ndani anapiga na wenzake? Yeye alimwona yule mwembamba wa shati akiingia, akamwona Apoline akifungua kwa ufunguo, na kale kabinti ka vidole vifupi nyuma yao. Akajua Rosa yuko ndani. Hata vitumbua alikuwa akiwapelekea, na Apoline akivipokea mlangoni, akisema yaya ameshukuru sana.

Nasma, ambaye kwa umbea ana digrii ambayo haitolewi chuo chochote, akaelewa bila kuambiwa.

"Rosa," akasema. "Walikuwa wanakula vitumbua vyangu kwa jina lako?"

"Ego," Rosa akajibu kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo. Akakata simu.

Walisafiri pamoja hadi Kibondo, kwani ungefanyaje. Rosa alikaa dirishani. Apoline alimpa nusu ya muhindi wa kuchoma, naye akaupokea, akautafuna, ukawa kama kutafuna mkeka. Alijiambia pengine kuna maelezo. Pengine ni zawadi, wanataka kumshangaza. Mtu akisalitiwa akili yake hugeuka wakili wa waliomsaliti, inawatafutia kila njia ya kutokea. Alisema moyoni, tukifika watasema. Walifika, hawakusema. Waliulizana tu kama viti vya ukumbini vina mikono, maana viti vyenye mikono ni adui wa selo.

Dada wa tamasha alikuwa ameshafika, ameegesha gari lake chini ya mti, msichana mchangamfu mwenye miwani na viatu vya kufaa matope. Alimwamkia Rosa shikamoo kabla ya wote. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili, na kwa moyo mweupe kabisa akamwambia maneno ambayo hakujua ni kisu.

"Wewe ndiye mwalimu wake Arielle. Wameniambia kila kitu. Si watu wengi wangekubali kukaa pembeni namna hii, halafu wakatoa na selo yao iende Dar bila wao. Na leo unapiga nao kuwaaga. Mungu akubariki, mama."

Rosa akatazama nyuma yake. Adolphe alikuwa akisoma tangazo la chanjo ukutani kwa bidii kubwa. Apoline alikuwa amefumba macho.

"Na wewe akubariki, mwanangu," Rosa akasema. Kwani msichana yule alikuwa na kosa gani.

Hakuwauliza kitu. Ulikuwa umebaki muda mdogo, na ukumbi ulikuwa unajaa, masista, walimu, madereva wa malori waliosikia kuna ngoma, kina mama na watoto mgongoni. Rosa alipenda ukumbi uliojaa kuliko kitu chochote duniani. Akalitoa lile gauni la kijani alilokuwa amelihifadhi kwa Dar, akalivaa hapohapo Kibondo, nyuma ya pazia. Apoline alipomwona aligeuka kukaza nyuzi za viola yake.

Walipiga. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ikaenda vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomchoma, kwamba bado walipatana. Adolphe akivuta pumzi, mwili wake yeye uliingia wenyewe, kama ng'ombe anavyoingia zizini hata kama mwenye zizi ameshamuuza.

Ikafika sehemu ya tatu. Fidla na viola zikashika ile sauti ndefu, na Rosa akaanza kupanda. Alimwona Adolphe amekaza shingo. Aliwajua. Walikuwa wameshaonyana, leo wasikosee, leo waende na mkono wa Rosa, bila kungoja. Akapanda mpaka hatua ya mwisho, pale pa kuruka.

Akasimama.

Wao wakageuka, wakafika juu, na safari hii ni wao waliokuta hakuna mtu. Wakashikilia. Upinde una mwisho, haurefuki kwa kuombwa, na ule wa Apoline ulikuwa ukielekea ncha, sauti ikikonda, ikitetemeka. Ndipo Rosa akavuta pumzi, fupi, kwa mdomo, pumzi ya binti anayeogopa kukosea. Ilikuwa ni pumzi ya Arielle yenyewe. Mtu angefumba macho angeapa kwamba binti yuko pale kitini. Halafu akaruka, akatua, safi kama tone la maji.

Ukumbini hakuna aliyejua. Sista mmoja alifuta machozi, akadhani ndivyo ulivyotungwa. Lakini Adolphe aligeuka akamtazama Rosa, shati lake limelowa mgongo mzima, na Apoline alipiga kuanzia hapo hadi mwisho bila kuinua uso.

Makofi yalikuwa mengi. Dada wa tamasha alipiga mpaka miwani ikamshuka puani.

Nyuma ya pazia, Rosa alikuwa akilaza selo kwenye sanduku walipomjia. Adolphe ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili chake cha Fizi ambacho siku nyingine kilimfurahisha Rosa.

"Maman, si miye njo nilichagua. Bale ba tamasha balitaka kikundi cha wakimbizi. Wote watatu. Na weye uko raia."

"Mlijua lini?"

Adolphe akamtazama Apoline.

"Tangu Pasaka," Apoline akasema.

Tangu Pasaka. Pasaka walikula kwake, alichinja jogoo, Apoline akachukua miguu ya kuku kwa sababu anapenda kunyonya mifupa. Rosa akafunga kifungo cha kwanza cha sanduku. Alitaka kucheka. Miaka yote ile watu walimwita mkimbizi ili wamtoe nje, na leo anatolewa nje kwa sababu si mkimbizi wa kutosha. Na ni uraia huohuo uliomwezesha kuwadhamini. Ngazi ileile waliyopandia ndiyo waliyompiga nayo.

"Tuliogopa utaumia, yaya," Apoline akasema.

"Nimeumia. Sasa mnaogopa nini?"

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba alijijua. Wangemwambia Pasaka ileile, juu ya jogoo yuleyule, angelia, angewasema kwa Nasma wiki nzima, angekataa kula, halafu angewaita Jumatano, na yeye mwenyewe angekaa pembeni amshike Arielle kiwiko. Selo angewapa. Angewafungia na maandazi ya njiani. Hawakumnyang'anya Dar. Dar ni mji tu, una joto. Walimnyang'anya nafasi ya kuwapa.

Adolphe akakohoa. Alikuwa mtu wa aibu, lakini haja ilimsukuma.

"Sasa, maman, kwa upande wa selo. Arielle haiko na ingine."

Rosa akafunga kifungo cha mwisho, akalisimamisha sanduku, akaliegemeza kwake kama mtu anavyomkumbatia ndugu mrefu.

"Mimi ni raia, Adolphe. Na selo hii imelala kwangu miaka yote hii, imekula vumbi la Makere, majirani wanaijua. Nayo ni raia. Tamasha lenu haliitaki."

Akanyoosha kiganja mbele ya Apoline. Apoline alijua bila kuulizwa. Akafungua mkoba, akautoa ufunguo kwenye kamba yake nyekundu, akauweka kiganjani, akakishikilia kiganja chenyewe kidogo. Rosa akasubiri mpaka akiachie.

"Mwanangu wa ubatizo mlete Jumapili kama kawaida," akamwambia. "Yeye hajanikosea."

Kesho yake asubuhi alikuwa peke yake stendi ya Kibondo, amesimama na sanduku kando ya wauza karanga. Simu ikalia. Arielle. Ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Rosa alilitazama lile jina likiwaka na kuzima, akavifikiria vile vidole vifupi vikirudia kubonyeza. Atampokea. Leo hapana. Leo mkono wake nao haufiki.

Basi la Kasulu likasogea. Kondakta, kijana mwenye mdomo, kwa kawaida angepiga kelele kwamba mzigo mkubwa unapanda juu na mbuzi. Kabla hajafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa na kikapu cha maparachichi alisimama, akavua kofia yake ya sufi, akalitazama sanduku, akamtazama Rosa usoni, macho yake mekundu, gauni lake la kijani limekunjamana.

"Pole, mama. Ni nani?"

Rosa akafungua kinywa kusema lile alilozoea, kwamba si msiba, baba, ni ala ya muziki.

"Tulikuwa watatu," akasema.

Mzee akatikisa kichwa. Hakuuliza zaidi, maana anayeuliza zaidi stendi hana malezi. Akaweka kikapu chake chini, akashika upande wa miguu, Rosa akashika upande wa kichwa, na kondakta akawarudisha nyuma abiria wote kwa sauti ya chini. Wakaliingiza ndani, wakalilaza katikati ya viti. Hadi Kasulu hakuna mtu aliyeliruka.